Hamsini kwa kichwa: shajara ya mradi wa kuwafundisha mafundi wetu, Mombasa 2025

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili nalifungua kwa sababu ya kosa la Oktoba, na kosa lenyewe ni langu.

Oktoba tuliwapeleka mafundi watatu kwenye kozi ya siku mbili. Tulilipa KSh 45,000, wakasoma, wakarudi na vyeti. Nilikuwa nimesikia kwamba mwajiri anayelipa tozo ya mafunzo anaweza kudai arudishiwe gharama na NITA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Basi nikakusanya karatasi zangu, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaenda. Mama aliyenipokea alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Na kibali chenu kiko wapi, mwanangu?"

Kibali huombwa kabla ya mafunzo. Ukishafundisha ndipo ukaenda kudai, huna dai. Sheria si ngeni wala haikufichwa, ni mimi sikuisoma.

Ami, mkubwa wetu hapa karakanani, hakunigombeza. Alisema tu, "Basi hiyo tumetoa sadaka." Afadhali angenigombeza.

Kwa atakayeshika daftari hili baada yangu: sisi ni karakana ya friji na viyoyozi, Shimanzi. Wafanyakazi wa kudumu ni 9, na vibarua 5 huongezeka Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, hoteli zimejaa na kila kiyoyozi kinalia. Mteja wetu mkubwa ni hoteli moja ya Diani. Mkataba wake unakwisha Desemba hii, na barua waliyotuletea inataka vyeti vya kila fundi atakayegusa mitambo yao. Sasa fundi wetu mkuu, ambaye karakana nzima twamwita Mjomba, ana miaka 22 katika kazi hii, na vyeti alivyo navyo ni viwili: cha kuzaliwa na cha ndoa.

Tunachotaka kufikia Septemba ni mafundi watano wafundishwe kazi ya gesi mpya za friji na viyoyozi, Mjomba na mwenzake wakae mtihani wa gredi wa serikali, na dai letu liwe limepokewa likiwa kamili. Nimeandika "limepokewa", sikuandika "limelipwa", maana la kulipwa haliko mikononi mwangu.

Alhamisi, 16 Januari

Leo hesabu, kwa sababu Ami hasikii neno mpaka aone tarakimu.

Tozo ya mafunzo ni KSh 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Kiwango hicho kimesimama tangu amri ya 2007. Hakipandi na mshahara: mkurugenzi ni hamsini, mfagizi ni hamsini. Mwajiri ndiye alipaye kutoka mfukoni mwake, haikatwi kwenye mshahara wa mtu, tofauti na ile asilimia 2.75 ya afya au 1.5 ya nyumba ambazo vijana hunijia nazo kila mwisho wa mwezi wakinionyesha karatasi ya malipo kana kwamba mimi ndiye Bunge.

Watu 9 mara 50 mara miezi 12 ni KSh 5,400 kwa mwaka. Mafunzo ya watu watano nayakisia KSh 80,000.

Ami alivua miwani. "Yaani twalipa elfu tano na ushei, na wewe wataka wakurudishie elfu themanini? Hao watu si wajinga, mwanangu."

Nikamweleza nilivyoelewa. Si akiba yetu tuliyoweka tukaenda kuitoa. Ni mfuko mmoja, waajiri wote wanatia, na anayechota ni yule anayefundisha watu wake kwa utaratibu. Asiyefundisha hutia tu. Viwango vya kurudisha wanavyo wao, na si lazima kila shilingi uliyotoa irudi. Lakini sisi tumekuwa tukitia miaka yote hiyo bila kuchota hata kikombe.

"Tangu enzi za Direktoreti," akasema Ami. Kweli, kabla ya sheria kurekebishwa 2011 haikuitwa NITA, ilikuwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, na wazee wa mjini bado huiita DIT. Ami alifanyia mtihani wake wa ufundi huko.

Usiku nikampigia shemeji yangu Tanga, ana kiwanda kidogo cha mbao. Kwao tozo ya kuendeleza ujuzi ni asilimia 3.5 ya mishahara yote, tangu Julai 2023. Ilikuwa 6 zamani, wakaishusha kidogo kidogo, na wenye wafanyakazi chini ya 10 hawalipi. Nikamwambia yetu ni shilingi hamsini kwa kichwa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Na hiyo yenu mwaweza kuidai?" Nikasema ndiyo, ukifuata njia. Akanyamaza. Yake haidaiwi. Inaenda serikalini, theluthi moja kwa VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, na yeye akitaka kumfundisha mtu wake analipa tena.

Jumanne, 28 Januari

Shimo la kwanza limepatikana, nalo liko nyumbani.

Ili udai, kwanza uwe umesajiliwa kama mwajiri, na tozo yako iwe imelipwa yote. Usajili tunao. Nikamwomba karani wa mishahara anitolee malipo ya miaka mitatu kutoka iTax, mtandao wa KRA, mamlaka ya kodi. Akanitolea. Safi, kila mwaka KSh 5,400. Nikamwambia, "Na vibarua?"

Akanitazama. "Vibarua nao?"

Wafanyakazi ni wafanyakazi. Kwenye orodha yetu ya PAYE, kodi ya mishahara, vibarua wapo, kwa sababu KRA haina mchezo. Kwenye tozo ya NITA hawapo. Watu 5 kwa miezi 4 ni KSh 1,000 kwa mwaka, miaka mitatu KSh 3,000. Kiasi hicho hakitoshi hata mtungi mmoja wa gesi, lakini yeyote atakayeziweka orodha mbili hizo kando kando ataona pengo. Na atauliza swali ambalo mimi nimemuuliza karani, ila yeye hatauliza kwa sauti ya dada.

Kijana wa watu alifadhaika sana. Si kosa lake, amerithi faili. Tumekubaliana: kila mwezi orodha ya tozo itolewe kwenye orodha ileile ya PAYE, tusiwe na vitabu viwili. Tutalipa upungufu na cha juu yake.

Nimekaa nikifikiri jioni. Nilidhani mradi huu ni wa mafunzo. Wiki mbili sasa sijazungumza na mkufunzi hata mmoja, niko kwenye mishahara.

Jumatano, 12 Februari

Upungufu umelipwa, risiti iko kwenye faili, ukurasa wa 3.

Leo nilipita kwenye misaada mingine ambayo watu wamenitajia, nione kama tunaiacha mezani.

Ya kwanza ni nafuu ya kodi ya mapato, kifungu cha 39B. Mwajiri akichukua wahitimu wasiopungua 10 kama wanagenzi, kwa miezi 6 hadi 12, hupata nafuu inayohesabiwa kwa asilimia 50 ya mishahara aliyowalipa. Zamani walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu tu, baadaye wakaingizwa na wa vyuo vya ufundi. Kumi! Sisi sote kwa jumla ni 9. Kifungu kizuri, kimeandikiwa wenye majengo ya ghorofa.

Ya pili ni mradi wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unaowapatia vijana uzoefu wa kazini chini ya mafundi. Ni wa vijana wa miaka 18 hadi 29. Tunaweza kupokea vijana, na pengine tutapokea, lakini hauwafundishi watu wetu wenyewe. Mjomba ana miaka 51. Nilipomsomea umri akasema, "Mimi mwenyewe kijana, andika tu."

Kwa hiyo ni NITA.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi unaandama kesho au keshokutwa, na tumekubaliana hakuna mafunzo ndani ya Ramadhani. Mtu aliyefunga hafai kusimama na tochi ya moto saa tisa mchana Shimanzi. Tutafanya Mei, mvua ya masika inaponyesha, watalii wamepungua, na hoteli hazipigi simu usiku. Hesabu hiyo ya misimu ndiyo nzuri kuliko zote nilizofanya, na sikuisoma kwenye fomu yoyote.

Nimetumia wiki kuandika tathmini ya mahitaji ya mafunzo. Neno kubwa hilo. Maana yake ni kueleza nani hajui nini, na kazi inataka nini. Nilianza kuandika ofisini peke yangu, nikaona naandika maneno matupu: "kuboresha ufanisi wa wafanyakazi". Nikaifuta. Nikateremka karakanani na kiti changu, nikakaa na Mjomba na wenzake tukinywa kahawa ya tangawizi, nikawauliza swali moja moja.

Mambo yakatoka yenyewe. R22 ndiyo gesi waliyokulia, na R22 inaondoka. Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa marekebisho yake ya baadaye, uliiweka kwenye orodha ya gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na nchi kama zetu zina mwisho wa 2030. Bei yake dukani tayari yasema. Viyoyozi vipya vya Diani vingi ni R32, na hiyo shinikizo lake ni kama mara moja na nusu ya R22, tena inashika moto. Friji mpya za nyumbani zina R600a, za maduka zina R290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Nikauliza: nani amewahi kufundishwa kuifungua friji ya R600a? Kimya. Nani ameshaifungua? Mikono minne.

Nimeyaandika hivyo hivyo. Fundi kwa fundi, mtambo kwa mtambo, na kando yake somo linalohitajika.

Jumanne, 8 Aprili

Idd imepita, vitumbua vimekwisha, kazi.

Mkufunzi. Yule wa Oktoba nilitaka tumrudie, anajua kazi. Nikamuuliza namba yake ya usajili wa NITA. Akasema iko njiani. Nikamuuliza ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Akasema, "Si nilikutumia ujumbe wa M-Pesa?" Ujumbe wa M-Pesa waonyesha kwamba pesa imetoka kwangu ikaenda kwake. Hauonyeshi ni ya mafunzo au ya mchango wa harusi. Na tangu 1 Januari 2024 KRA haitambui gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, kwa hiyo ile 45,000 ya Oktoba tumeikosa mara mbili: haikurudi, na kwenye hesabu ya kodi pia inatuletea matatizo. Simtaji jina. Ni fundi hodari, na makaratasi si fani yake, kama Mjomba tu.

NITA ina orodha ya wakufunzi waliosajiliwa. Tumempata mmoja, mwanamke, amefundisha friji miaka mingi. KSh 16,000 kwa mtu, siku 4, atakuja na mitambo yake, atatumia karakana yetu. Watu 5, jumla KSh 80,000.

Ombi la kibali limeondoka leo. Ndani yake: barua yetu, tathmini ile ya kahawa ya tangawizi, mpango wa siku nne saa kwa saa, majina na namba za vitambulisho vya mafundi watano, usajili wa mkufunzi, na makisio ya gharama. Nakala zote ziko nyuma ya daftari hili. Nimemwambia mkufunzi kwa kinywa na kwa barua: tarehe si tarehe mpaka kibali kitoke. Akasema, "Dada, wewe umeshaungua mahali."

Jumatatu, 12 Mei

Kibali tunacho. Siku ya kwanza. Sina la kuandika zaidi ya kwamba daftari la mahudhurio nalishika mwenyewe, asubuhi na alasiri, kila mtu atie sahihi kwa mkono wake.

Jumatano, 14 Mei

Ya leo nayaandika kwa kirefu kwa sababu sikuyatarajia.

Mkufunzi aliwapa kila mmoja vipande viwili vya bomba la shaba aviunganishe kwa moto, kama wanavyofanya kila siku. Hakusema lolote zaidi. Mjomba alimaliza wa kwanza, mshono wake umezunguka sawasawa kama pete, hakuna tone lililozidi. Vijana walimtazama kwa adabu. Mkufunzi akauchukua, akausifu, na ni kweli ulistahili. Kisha akaubana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma na kuupasua kwa urefu, kama mtu apasuaye muhogo.

Ndani palikuwa peusi. Si alama kidogo, ni masizi, ngozi nyeusi inayobanduka. Mjomba akapitisha kidole, kikatoka kama kilichoingia mkaani.

Mkufunzi akafanya wa kwake. Kabla ya kuwasha moto aliunganisha mtungi wa naitrojeni, akauachia upite ndani ya bomba polepole, "pumzi ya mtoto aliyelala," akasema. Akaunganisha. Akaupasua. Ndani mwekundu, unang'aa kama sufuria iliyotoka kwa mpiga bati. Shaba ikipata moto na hewa pamoja hufanya ule weusi, na naitrojeni inaifukuza hewa. Ndiyo basi, hakuna uchawi.

Mjomba akauliza, kwa sauti ndogo, "Na huo weusi huenda wapi?"

"Hubanduka ukafuata gesi. Huziba kapilari, kile kijibomba chembamba. Huingia kwenye mafuta ya kompresa."

Hakusema kitu tena mpaka saa ya chakula. Wakati wengine wanakula pilau alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akaniomba nimtolee kitabu cha kazi cha mwaka jana. Alikaa nacho, akahesabu kwa vidole. Kompresa zilizokufa ndani ya miezi sita baada ya sisi kurekebisha bomba: nne. Wakati ule tulimwambia kila mteja ni umeme wa juu na chini. Yawezekana nyingine ilikuwa umeme. Mbili tulizibadilisha kwa gharama yetu.

"Miaka ishirini na mbili," akasema, kisha akarudi darasani.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika faida ya mafunzo kwa mwajiri. Sijui hili nitaliandikaje pale, lakini Ami nimemwambia, na Ami hakuuliza tena habari ya elfu themanini.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya mwisho, na bila shaka lazima kitu kiharibike.

Saa nne asubuhi chumba cha baridi cha duka moja la nyama Nyali kilizima. Ami akampigia kijana mmoja wa wale watano, akamtoa darasani bila kuniambia. Alirudi saa kumi na moja jioni, mafunzo yamekwisha. Alikosa somo lote la kupima uvujaji na la kutoa gesi kwenye mtambo bila kuiachia hewani.

Kwenye daftari la mahudhurio kuna masanduku mawili matupu mbele ya jina lake.

Ami: "Atie sahihi tu. Siku tatu kasoma, ya nne ni yetu wenyewe tumemtoa."

Nikasema hapana. Tukabishana, kwa heshima lakini tukabishana. Yeye asema ni masaa machache. Mimi nasema daftari lile ndilo ushahidi wetu wote, na wanaolikagua wana haki ya kuja kumuuliza kijana mwenyewe alijifunza nini Alhamisi. Atajibu nini, alijifunza nyama ikioza inavyonuka?

Ami alicheka mwishowe. Mkufunzi amekubali kumsomesha masomo yale mawili Juni, kando. Kwenye dai atatoka. Tutadai ya watu wanne, KSh 64,000, na hiyo 16,000 ni ada ya simu moja ya Nyali. Nimeibandika karatasi ukutani juu ya simu ya mezani: *Aliye darasani hayuko kazini.*

Ijumaa, 23 Mei

Dai limekamilika isipokuwa karatasi moja. Ankara ya eTIMS ya mkufunzi imeandikwa jina la Ami badala ya jina la kampuni. PIN ni ya kampuni, jina ni la mtu. Amekubali kuibatilisha na kutoa nyingine.

Kilichomo kwenye faili, kwa mpangilio: barua ya kibali juu kabisa, fomu ya dai, daftari la mahudhurio, ankara, taarifa ya benki inayoonyesha malipo yametoka kwenye akaunti ya kampuni, nakala za vyeti vinne, ripoti ya mkufunzi, na uthibitisho wa tozo, pamoja na ile ya vibarua. Pesa zote nililipa kwa benki. Safari hii hakuna M-Pesa hata ya maji ya kunywa.

Nimeona jambo moja nikipanga kurasa: kila karatasi inaitaja nyingine. Jina lililo kwenye kibali ndilo lazima liwe kwenye mahudhurio, ndilo kwenye cheti, na ndilo kwenye orodha ya mishahara. Kijana wetu mmoja kwenye kitambulisho ana majina matatu, kwenye cheti mkufunzi ameandika mawili, na moja herufi imegeuzwa, Hamisi badala ya Khamis. Nimemrudishia nacho hicho.

Jumanne, 17 Juni

Limepokewa. Mhuri, tarehe, namba ya faili. Nimepiga picha ule mhuri kama mtu apigaye picha mtoto mchanga.

Yule mama wa Oktoba alikuwepo. Alifungua, akaona kibali juu. Hakusema kitu, alinitazama tu juu ya miwani, akageuza ukurasa.

Karani ameniuliza zikirudi zitaandikwa wapi. Zikirudi ni mapato, zitaingia kwenye vitabu kama pesa nyingine. Tusije tukadai gharama yote kwa KRA kisha tukajifanya hatujarudishiwa kitu.

Jumatatu, 4 Agosti

Mtihani wa gredi. Kuna gredi tatu, ya III ndiyo ya chini, unapanda. Mjomba kwanza alisema haendi. Hakuna mtu wa kumpima yeye. Tumezungumza naye kwa zamu, mimi, Ami, hata mkewe. Aliyemshinda ni kijana yule wa Nyali, aliyemwambia, "Mjomba, mimi nakwenda. Usipokwenda, mimi nitapata gredi, nije nikuamrishe?"

Walikwenda wote wawili leo kwenye kituo cha NITA hapa Mombasa. Gharama ya mtihani tumelipa sisi. Nilimuuliza aliporudi, ilikuwaje. Akasema maswali ya kuandika yalimtoa jasho. Kwenye vitendo walimpa bomba aunganishe, akaomba naitrojeni kabla ya kuwasha moto.

"Msimamizi aliandika kitu," akasema. "Sikukisoma, lakini aliandika."

Jumatano, 10 Septemba

Barua ya hoteli ya Diani imejibiwa jana. Tumeambatanisha vyeti vya mafunzo ya gesi, na matokeo ya gredi tutawapelekea yakitoka. Nilivuka kivukoni Likoni na bahasha mkononi badala ya kuituma, upuuzi wangu tu, nilitaka kuiona ikipokewa.

Kwenye gari zote mbili sasa kuna mtungi wa naitrojeni. Mjomba amefunga wa kwake kwa mnyororo na kufuli, ufunguo anao yeye.

Novemba tunataka kuwafundisha vibarua wale watano kabla ya kaskazi, siku mbili tu, usalama wa gesi zinazowaka na jinsi ya kusafisha koili. Tozo yao sasa inalipwa, kwa hiyo nao gharama yao yaweza kudaiwa. Ami asubuhi alikuja na wazo: mkufunzi yule yuko mjini wiki hii, kwa nini tusimkamate sasa hivi, amalize Ijumaa?

Nilimwambia Ami anipe fomu iliyo chini ya kikombe chake. Alikuwa ameiwekea kahawa juu, ina duara la rangi ya udongo pembeni. Nimechapa nyingine. Ombi la kibali limeondoka saa tano kasorobo, na mkufunzi bado sijampigia simu.